Uliza Bibi Shamba: Ndimu kwenye ndoo, kipupwe mlangoni

Barua za mwezi huu zimekuja na ndoo. Nimezitandaza mezani, na nyingi zinauliza habari za mti wa matunda uliopandwa kwenye ndoo, pipa, kiroba au sufuria lililotoboka. Sababu naijua. Mvua zimekatika, mahindi yamekauka shambani, asubuhi mtu akisalimia anatoa moshi mdomoni, na aliyenunua mche wa ndimu mnadani wakati wa masika sasa anauangalia kama mgonjwa.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni bibi shamba mstaafu, mzaliwa wa Kyela, ambako embe likianguka juu ya bati usiku watoto wote wanaamka. Nililetwa Njombe kikazi nikiwa msichana, nikahesabu miaka 2 nirudi kwetu kwenye joto. Nimekaa 31. Barazani kwangu pana ndoo 14, na mzee wangu, ambaye huisoma safu hii kabla ya mhariri, anasema siku hizi akitaka kukaa nje inabidi aombe nafasi kwa maandishi.

Shikamoo Bibi Shamba. Nina mndimu kwenye ndoo ya lita 20, na mwezi wa tatu ulijaa maua. Tangu mwishoni mwa Mei majani yanakuwa ya njano na kupukutika, hata yasiyo na doa. Namwagilia kila jioni bila kukosa, na nimeongeza mbolea ya CAN kijiko kimoja. Chini ya ndoo niliweka kokoto ili maji yatoke vizuri. Nimekosea wapi? – Mwalimu, Mafinga

Marahaba, mwalimu. Kwanza weka chini hiyo kopo ya maji. Ya mbolea nayo ifunge.

Mndimu, mlimau, mchungwa, wote ni ukoo mmoja, na mizizi yao ina tabia moja: udongo ukishuka chini ya nyuzi 12 au 13 hivi, inalala. Haifi, inalala tu. Mti uliopandwa ardhini unasaidiwa na ardhi yenyewe, maana ukichimba futi moja chini unakuta bado pana uvuguvugu wa mchana. Ndoo haina ardhi. Inapigwa baridi juu, chini na pembeni, na ikifika saa kumi alfajiri ule udongo ndani yake ni baridi kama maji ya mtungi. Halafu linakuja jua la kipupwe, na la Mafinga unalijua: hewa ya baridi lakini anga halina hata wingu moja. Majani yanapata jua, yanataka maji, yanaita chini. Chini wamelala. Mti ukiona hivyo unafanya hesabu yake na kuanza kutupa majani.

Wewe unayaona ya njano, unasema mti una kiu. Unamwaga maji jioni, yaani unaongeza baridi kwenye baridi, tena wakati usiku unaingia. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mzizi usiopata hewa unaoza. Kwa miaka yote hii nimezika miti mingi zaidi iliyouawa na maji ya jioni kuliko iliyouawa na baridi yenyewe, na karibu yote ilikuwa ya watu wenye huruma. Mtu mvivu ndimu zake zinapona kipupwe.

Fanya hivi. Inamisha ndoo kidogo kwa mkono mmoja ukishika mdomo wake, uusikie uzito. Ifanye kila siku kwa wiki moja, mkono utajifunza wenyewe. Ndoo nzito, usiguse maji. Ikianza kuwa nyepesi, chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kiache dakika chache, kichomoe. Kikitoka na udongo umeganda, subiri. Kikitoka kikavu nusu ya juu, mwagilia, lakini iwe saa nne asubuhi, na maji yawe yameshinda kwenye jua kidogo, siyo yale ya bombani yanayouma vidole. Huku kwangu mwezi wa saba ndoo ya lita 20 hunywa mara moja kwa siku nane au tisa.

Sasa kokoto. Hili tumelirithi kutoka kwa shangazi zetu wa maua, na najua nitapata barua za hasira. Chukua sifongo la kuoshea vyombo, lile nene la mstatili. Lichovye majini lijae, kisha lishike likiwa limelala bapa. Litadondosha maji kidogo, litaacha. Usilikamue. Ligeuze sasa lisimame wima kwa urefu wake. Litaanza kudondosha tena, na maji yatatoka mengi kuliko mwanzo. Sifongo ni lile lile. Kilichobadilika ni kimo. Udongo ndani ya ndoo unafanya vivyo hivyo: chini kabisa hubaki tabaka la maji ambalo halitoki kwa sababu udongo umelishika, na kimo cha udongo kikiwa kifupi, tabaka hilo linakaribia mizizi. Ukiweka kokoto, udongo hauachii maji yaende kwenye kokoto mpaka umelowa chepechepe, kwa hiyo umefupisha ndoo yako kwa vidole vinne na kuyapandisha maji juu kuelekea mizizi. Toa kokoto. Toboa matundu 6 mpaka 8 ya unene wa kidole kwa msumari wa moto, mengine pembeni karibu na kitako, na usimamishe ndoo juu ya matofali mawili hewa ipite chini.

Udongo wenyewe usiwe mfinyanzi mtupu wa shambani. Mimi napima kwa debe: udongo wa juu madebe 3, mboji au samadi iliyooza kabisa madebe 2, pumba za mpunga zilizounguzwa debe 1. Wenzetu wa Rungwe wana bahati ya vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyoelea majini. Tumieni hivyo badala ya pumba, havishindiliki. Lakini usihamishe mti sasa hivi, mwalimu, mizizi imelala. Ngoja Septemba.

Na CAN pia ngoja Septemba. Ukiulisha sasa, ukipata siku tano za joto utatoa machipukizi laini, na usiku wa sita yataungua. Kama majani ya juu yana njano lakini mishipa yake imebaki kijani, hiyo si njaa. Ni madini ya chuma ambayo mizizi imeshindwa kuyavuta kwa baridi, na udongo ukipata joto mti utajirekebisha. Kwa sasa upashe joto miguu: zungushia ndoo gunia, katikati jaza nyasi kavu, uisogeze kwenye ukuta unaotazama kaskazini. Nasema kaskazini. Vitabu vya Wazungu vinaandika ukuta wa kusini kwa kuwa jua lao liko kusini, wakati huku kwetu jua la Juni na Julai linapita upande wa kaskazini. Nimeona mtu Iringa amefuata kitabu, ndoo zake zimekaa kivulini miezi mitatu.

Kamwene Bibi. Huku kwetu Makete sakitu, ule umande unaoganda, imeshaanza, juzi nyasi zilikuwa nyeupe. Nina milimau 2 na mpera 1 kwenye mapipa yaliyokatwa. Mwaka jana niliifunika kwa nailoni na bado iliungua. Mwaka huu nimefikiria kuiingiza chumba cha watoto usiku na kuwasha jiko la mkaa dogo, watoto nao wapate joto. Ni sawa? – Mama wa watatu, Makete

Kamwene mama. Hapana. Nakuomba uisome hiyo hapana mara mbili. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Mlimau unapatikana mnadani. Kama umewahi kulala na jiko ndani na mkaamka na kichwa kinauma wote nyumba nzima, mlikuwa mmekaribia.

Turudi kwenye nailoni, maana hilo kosa ni langu pia. Miaka ya nyuma nilikuwa na milimau miwili ya kubebeshwa, yaani kitawi cha mti mmoja kimeunganishwa juu ya shina la mwingine, imelingana kama mapacha. Jioni moja ya Julai anga lilikuwa safi, upepo umekufa kabisa, nyota zimekaribia. Hizo ndizo dalili, mama: wingu hakuna, upepo hakuna. Usiku wenye mawingu au upepo unaweza kuvaa masweta mawili na mti usidhurike. Mlimau mmoja nikaufunika kwa nailoni nikaikaza kama mzigo wa mitumba. Nailoni ikaisha. Wa pili mzee akauburuta tu mpaka barazani, chini ya bati, kwenye sakafu ya saruji, ukutani mwa jiko.

Asubuhi nilipotoka, nyasi zililia chini ya kandambili kama mtu anatafuna chumvi ya mawe. Maji ya beseni yalikuwa na kioo juu, nikakivunja kwa kidole. Nilipofungua nailoni, kila jani lililoigusa lilikuwa limelainika na kuwa na rangi ya mchicha uliochemshwa. Kufika saa sita mchana yakawa meusi. Yale ya katikati, yasiyogusa, yalikuwa mazima. Na ule wa barazani haukupoteza jani hata moja.

Nilichojifunza ni hiki. Usiku wa anga safi, ardhi na majani vinapoteza joto lake moja kwa moja kwenda juu, kama sufuria lisilo na mfuniko. Wingu ni mfuniko. Bati ni mfuniko. Hata majani ya mti mkubwa ni mfuniko. Kwa hiyo kitu cha kwanza siyo kuuvalisha mti nguo, ni kuupa paa. Pili, hewa ya baridi ni nzito, inatiririka kama maji na kujaa mabondeni. Kama mapipa yako yako chini ya uwanja, karibu na kijito, yapandishe juu kwenye mteremko. Mita chache tu za kupanda zinatosha kuokoa majani. Na usitegemee tangazo la redio likisema nyuzi 3, maana kipimajoto hutundikwa juu kimo cha mtu, wakati usiku wa namna hiyo kwenye nyasi panaweza kuwa tayari sifuri.

Mapipa uliyokata hayabebeki, najua. Pipa la lita 200 likikatwa kati na kujazwa udongo mbichi linazidi kilo 100. Basi simika fito nne kuyazunguka, zizidi kimo cha mti, utandike juu shuka kuukuu au magunia yaliyoshonwa pamoja, yashuke mpaka chini kabisa yasiguse majani. Usiyakusanye na kuyafunga shinani kama mwavuli uliofungwa: joto linatoka ardhini, ukifunga shinani umelizuia lisipande. Ndani weka madumu mawili ya maji, meusi ukiyapata, ambayo yameshinda juani mchana. Maji yanashika joto na kuliachia polepole usiku kucha, wala hayaui mtu. Jua likishafika, funua. Ukiacha imefunikwa mchana kutwa mti unapikwa.

Kama umeshaungua, kisu kiache kabatini. Matawi meusi yanatisha lakini yanayakinga yaliyo chini yake. Subiri mwezi wa tisa au wa kumi mpaka yachipue, halafu kwangua ganda kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani tawi lipo hai, pakiwa kahawia kata mpaka ufike kwenye kijani. Mpera wako una nafuu kama ni ile aina ya matunda madogo mekundu, mviringo kama gololi kubwa. Hiyo inavumilia sakitu kuliko mpera wa kawaida, na inazaa kwenye pipa bila manung'uniko.

Bibi Shamba, nina ekari 2 huku Uwemba. Nataka kupanda parachichi za Hass kwenye mapipa. Unashauri pipa la ukubwa gani? – Kijana mkulima

Una ekari 2 Uwemba, pipa la nini? Panda ardhini, mteremkoni, usipande bondeni kunakokusanya sakitu wala panapotuama maji. Mizizi ya parachichi iko juujuu na haipendi kulowa. Mapipa wapelekee watu wa mjini wasio na uwanja.

Habari Bibi. Nimepanga chumba Iringa mjini, uwanja ni wa saruji wote. Nimepanda mipapai 3 kwenye viroba vya kilo 50. Miwili imetoa maua mengi yaliyoning'inia kwenye vikonyo virefu na haina tunda. Je, ni baridi? – Mpangaji

Ni madume, mwanangu. Maua ya papai dume yananing'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi, ya jike yamekaa yamebana shinani. Kaa na huo mmoja kama ni jike. Dume moja liache mpaka majike yapate chavua, na safari nyingine panda mbegu tatu nne kila kiroba, ukiona maua ndipo uchague. Ukiweza, tafuta mbegu za papai lenye ua la jinsia mbili, wengi hulijua kwa tunda refu.

Iringa mjini si Makete, papai litaishi. Lakini papai lililokomaa Julai halitakuwa na sukari ya lile la Februari, hata ufanyeje, maana mpapai hukaribia kusimama kabisa hewa ikishuka chini ya nyuzi 15. Yale yatakayokomaa kwenye baridi yachume mabichi uyapike na nyama, yanalainisha. Na kiroba kiinue kwenye matofali. Mpapai ukikaa na maji miguuni siku tatu, siku ya nne unalala chini.

Shikamoo dada. Binti yangu yuko Hamburg, Ujerumani, anasoma. Amenipigia anasema amenunua mlimau mdogo kwenye chungu, na anataka nimtumie miche ya ndimu na mgomba kutoka kwetu Tukuyu, aipande chumbani. Mlimau wake ulikuwa nje kibarazani majira ya joto, ukaingia ndani mwezi wa kumi, na kufika Krismasi ulibaki fimbo. Tena chumba kina joto zuri tu. Nimwambieje? – Mama wa Tukuyu

Ndaga, mama. Kwanza miche usitume. Ulaya hairuhusu miche ya ukoo wa machungwa kutoka nchi za nje kwa kuogopa magonjwa, itaishia kuchomwa moto uwanja wa ndege na binti kuhojiwa. Anunue ndimu zenye mbegu dukani huko huko, apande mbegu zake mbichi kabla hazijakauka. Mbegu moja ya ndimu mara nyingi hutoa miche miwili au mitatu, na mingi kati ya hiyo huwa sawasawa na mama yake. Atasubiri miaka kadhaa kuona ua, lakini majani akiyakunja vidoleni yatanukia kama nyumbani.

Sasa ile fimbo. Wewe unafikiri baridi, kumbe chumba kilikuwa na joto zuri, umesema mwenyewe. Kilichokosekana ni mwanga. Hamburg mwezi wa kumi na mbili mchana hauzidi saa saba na nusu hivi, tena jua linapita chini chini nyuma ya mawingu. Sisi huku Juni, kwenye kipupwe chetu kikali, mchana bado unazidi saa kumi na moja. Mti ukiwa kwenye joto unataka kukua, na kukua kunahitaji mwanga, nao haupo. Pale chini ya dirisha pana kile chuma chao cha kupasha chumba moto, kinakausha hewa, na hewa kavu inaleta utitiri. Ageuze jani aangalie chini yake: akiona vumbi linalotembea na utando mwembamba, ndio huo. Auoshe mti bafuni kwa maji ya vuguvugu, majani yote juu na chini, arudie kila wiki.

Ndiyo maana wenzetu walioanza haya zamani hawakuweka milimau sebuleni. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alijengewa nyumba nzima ya michungwa kwenye jumba lake la Versailles, kati ya 1684 na 1686: kuta nene, madirisha marefu yanayotazama kusini. Mpaka leo miti zaidi ya 1,000 iko kwenye masanduku ya mbao, mwezi wa tano inatolewa bustanini, mwezi wa kumi inarudishwa. Nilipoona picha ya masanduku hayo nilimwambia mzee, unaona, mfalme naye alikuwa na ndoo barazani. Akasema mfalme alikuwa na watu wa kuzibeba.

Hekima ya ile nyumba ni kwamba haikuwa ya moto. Ilikuwa ya baridi kidogo isiyofika kuganda, yenye mwanga mwingi. Binti atafute mahali kama hapo: ngazi za jengo zenye dirisha kubwa, au chumba cha stoo chenye mwanga, nyuzi 5 mpaka 10. Hapo mti unalala wote, majani na mizizi kwa pamoja, na maji ni kikombe kimoja mara chache sana. Akikosa mahali hapo na ni lazima ukae chumbani, basi anunue taa ya kukuzia mimea, iwake saa kumi na mbili kwa siku. Kati ya hayo mawili hakuna njia ya tatu, na joto bila mwanga ndilo lililomletea fimbo.

Kuutoa nje asiwe na haraka. Wajerumani wana siku wanazoziita za watakatifu wa barafu, tarehe 11 mpaka 15 Mei, na mtunza bustani wa kwao hatoi mmea wa nchi za joto kabla hazijapita. Hata akitoa, wiki ya kwanza uwe kivulini. Jani lililokaa ndani miezi saba linaungua juani kama mtu aliyetoka hospitali.

Mgomba amwachie mama yake Tukuyu. Ndani ya chumba utagusa dari, na ndizi hataiona.

Bibi Shamba, mimi ni wa kwenu Kyela, nimehamishiwa kazi Makambako mwaka huu. Usinicheke. Naweza kuwa na mwembe kwenye pipa? – Mkyela aliye mbali

Sikucheki, mdogo wangu. Nimekuwa na huo mwembe miaka tisa.

Hesabu kwanza, ili tusidanganyane. Kyela tuko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Makambako uko zaidi ya mita 1,500, na mimi Njombe niko karibu mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi 6. Kwa hiyo mwembe wako haujahama wilaya tu, umehama majira. Utaishi, mche mchanga usiporuhusiwa kupigwa na sakitu. Utatoa maua pia, tena mengi, kwa kuwa mwembe hupenda ubaridi kidogo ili uchanue. Tatizo linaanzia hapo. Unachanua Juni au Julai, katikati ya kipupwe, na usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 chavua inashindwa kazi. Halafu ukungu wa asubuhi unaleta ubwiri unga, yale maua yanapakwa unga mweupe na kunyauka. Unafagia maua kila asubuhi, tunda huna.

Mimi nilifagia miaka minne. Wa tano nikafanya jambo ambalo majirani waliniona nimechanganyikiwa: shada la maua likitokeza mwezi wa sita, refu kama kidole tu, nalikata lote pale lilipoanzia. Mti ukishituka hivyo, huku baridi bado ipo, huchipua mashada mengine pembeni wiki kadhaa baadaye, na hayo yanafunguka Agosti mwishoni au Septemba, joto limerudi na nyuki wameamka. Si kila mwaka unakubali. Mwaka uliokubali, mashada matatu yalishika. Nikanyunyiza salfa ya unga asubuhi umande ukiwepo, na mchana nikaugeuza mti upate jua pande zote.

Mche nunua wa kubebeshwa, usipande kokwa, la sivyo utasubiri miaka mingi na mti utataka kuwa mkubwa kama wa kwenu. Na uangalie mwenyewe. Niliwahi kuuziwa na muuza miche mmoja wa barabarani mche aliouapia kuwa dodo wa kubebeshwa, nimefika nyumbani nikapapasa shina kuanzia udongoni mpaka juu, laini kama fimbo ya mwanzi. Mche wa kubebeshwa una kovu, mahali shina linapopinda kidogo na ganda linabadilika rangi, kiganja kimoja au viwili juu ya udongo. Bila kovu usitoe hela. Ukifika magotini ukate ncha utoe matawi matatu, na kila tawi nalo likirefuka likate ncha, uwe kichaka usiwe mnazi.

Usianze na pipa kubwa. Mche mdogo kwenye udongo mwingi unazama kwenye unyevu usioweza kuumaliza, na kule juu kwa mwalimu nimeshaeleza unyevu na baridi vinafanya nini. Anza na ndoo ya lita 20 miaka miwili, kisha nusu pipa. Chini ya nusu pipa, kabla hujaweka udongo, pigilia ubao wenye magurudumu. Mimi nilitoa ya kiti kibovu cha ofisi. Fundi alinicheka, lakini sasa nausukuma mwenyewe kuingia barazani ifikapo saa kumi na moja jioni, na mzee hana pa kulalamikia zaidi ya kuvukwa miguu.

Umeniuliza kama unaweza, hukuniuliza utavuna mangapi, kwa hiyo nitakwambia tu. Katika miaka tisa nimepata maembe mawili yaliyokomaa. La kwanza tulikula wote na wajukuu, kila mtu kipande cha ukubwa wa sanduku la kiberiti. La pili liliiva mwezi wa tatu, siku ambayo nilikuwa nyumbani peke yangu. Lilikuwa na nyuzinyuzi na halikufikia utamu wa la kwetu, nililila nimesimama juu ya karai mchuzi ukishuka mpaka kiwikoni, nikalamba kokwa mpaka likawa jeupe. Mzee aliporudi na kuuliza nilimwambia limedondoka, kuku wamelila. Sasa atakuwa ameshafika mstari huu.